Maji Yaendayo na Ukweli wa Picha

Watu wengi hudhani kwamba uwongo ni kazi ya ulimi peke yake. Mtu asiyetamka neno, kwa maoni yao, hawezi kudanganya. Na chombo kisicho na ulimi, kama kamera, hakiwezi hata kidogo. Imani hii ndiyo iliyoipa picha heshima ya shahidi mahakamani, magazetini na hata katika mabishano ya nyumbani, ambako mtu hunyamazishwa kwa kuonyeshwa kipande cha karatasi. Nataka kuichunguza imani hiyo kwa mfano mmoja mdogo, ambao kwa mtazamo wa kwanza hauna hatia yoyote: picha za vijito na majani ya rangi zinazopigwa kwa filamu ya slaidi katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani iitwayo New England. Nimechagua mfano mpole kwa makusudi. Penye vita, siasa au fedha kila mtu hutazamia uwongo akajihadhari. Bali penye jani na maji hapana ajihadhariye.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya majira yenyewe, maana lugha yetu haina jina lake halisi. Wako wanaoyafasiri kwa neno vuli. Lakini vuli kwetu ni mvua za miezi ya mwisho wa mwaka, wakati mbegu zinapochipua na ardhi inapovaa majani, ilhali huko ndio wakati miti inapoyavua. Kumwambia msomaji wa Tanga kwamba katika vuli miti hubaki mitupu ni kumpotosha kwa neno la kukopesha. Kwa hiyo nitayaita majira ya mpukutiko. Huanza mwishoni mwa Septemba katika sehemu za juu na za kaskazini, yakashuka mabondeni na pwani mpaka Oktoba inapoelekea kwisha.

Katika majira hayo miti ya mepo, ambayo utomvu wake wenyeji huupika ukawa sharubati, hugeuka manjano, rangi ya chungwa na nyekundu. Jani huwa kijani wakati wa joto kwa sababu ya klorofili, dutu ambayo kwayo mti hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Siku zinapofupika na baridi kuingia, mti huacha kuitengeneza dutu hiyo, nayo iliyopo huvunjika. Hapo manjano, ambayo ilikuwamo ndani ya jani muda wote lakini imefunikwa na kijani, hujitokeza. Nyekundu siyo hivyo. Hiyo kwa sehemu kubwa hutengenezwa upya katika siku zile za mwisho, kutokana na sukari iliyobaki katika jani, na hushamiri zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kugandisha maji. Basi katika mti mmoja mtazamaji huona rangi mbili, moja iliyofunuliwa na nyingine iliyozaliwa, na jicho lake halimwambii ipi ni ipi. Namwomba msomaji aliweke jambo hili akilini, maana litatufaa mbele.

Mpiga picha wa vijito hapendi siku ya jua kali. Huitafuta siku ya mawingu, hasa baada ya mvua, wakati gome la mti limekolea weusi na jani lililolowa limekolea rangi. Huisimamisha kamera juu ya miguu mitatu, pengine ndani ya maji yenyewe, akaweka mbele ya lenzi kichujio kiondoacho mng'ao juu ya majani na mawe, kisha akangoja upepo utulie. Filamu yake hunasa mwanga polepole, na kichujio huzidi kuupunguza; kwa hiyo kilango cha kamera hakina budi kukaa wazi kwa sekunde 1 au 2. Jiwe halitikisiki katika muda huo, wala jani jekundu lililoganda juu yake. Lakini maji hupita. Picha inapotoka, kuvu na kila unywele wa mwani juu ya jiwe huonekana dhahiri, na katikati ya ukimya huo maji yamekuwa kama moshi, au kama shashi nyeupe iliyotandikwa juu ya ngazi.

Mtu mmoja husema: huyu ni mwongo, kwa kuwa hapana binadamu aliyepata kuona maji ya namna hii. Mwingine hujibu: huyu ni msanii, na msanii hadaiwi ukweli. Majibu yote mawili nayaona mepesi mno. La kwanza hudhani kwamba ukweli ni kile tu ambacho jicho limekiona. La pili humfanya msanii kuwa mtu asiye na jirani.

Kwa nini slaidi? Kwa sababu wanaoitumia huidai heshima ya pekee katika jambo hili la ukweli. Filamu ya kawaida hutoa negativu, ambamo cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Kisha fundi katika chumba cha giza hufanya picha juu ya karatasi, na katika kuifanya aweza kuongeza mwanga hapa na kuupunguza pale. Slaidi haina hatua hiyo. Ukanda uleule uliokuwa mbele ya kijito ndio unaosafishwa, ukakatwa vipande vya milimita 24 kwa 36, ukatiwa katika fremu za karatasi ngumu zenye upana wa sentimita 5, na kutazamwa kwa kupenyezewa mwanga. Kinachoonekana ukutani ni kivuli cha kitu kilichokuwapo kweli bondeni siku ile. Na filamu hii ni kali kama mwalimu wa zamani. Haivumilii kosa: mwanga ukizidi kidogo, weupe wa maji huwa tundu tupu lisilo na kitu ndani, ukipungua kidogo, jiwe huzama katika giza. Kati ya giza lake na weupe wake hubeba takriban hatua tano tu za mwanga, kila moja ikiwa maradufu ya iliyotangulia, na mara nyingi kijito chenye jua huzidi hapo. Basi mpiga picha hulazimika kuamua, kabla ya kubonyeza, ni kitu gani atakubali kukipoteza. Baada ya hapo hapana toba.

Filamu mashuhuri ya namna hii, Kodachrome, ilianza kuuzwa mwaka 1935, na kampuni ya Kodak ikaacha kuitengeneza mwaka 2009. Karakana ya mwisho iliyoisafisha, katika mji wa Parsons, Kansas, iliacha kupokea mikanda yake mwishoni mwa mwaka 2010. Velvia ya kampuni ya Fujifilm ilitoka mwaka 1990 ikapendwa na wapiga picha wa mandhari kupita zote. Ektachrome iliachwa, kisha ikarudi sokoni mwaka 2018. Wako basi, hata leo penye kamera zisizotumia filamu kabisa, watu wanaoshikilia slaidi, na hoja yao ni kwamba slaidi haiongopi.

Hoja hiyo ina ukweli, ila ni ukweli wa mahali padogo kuliko panapodhaniwa. Slaidi hushuhudia kwamba hapana kitu kilichotendwa baada ya kilango kufungwa. Haishuhudii kwamba hapana kitu kilichotendwa kabla. Aliyechagua siku ya mawingu, kichujio, muda wa sekunde 2, na pembe ile ambayo haionyeshi barabara ya lami iliyo nyuma yake, ametenda mengi. Naye ameyatenda kabla, ndiyo tofauti pekee. Mtu aweza kukaa kimya mbele ya hakimu tangu mwanzo wa kesi hata mwisho, na bado akawa ndiye aliyewapanga mashahidi nje ya ukumbi.

Tuyatazame maji sasa. Mwaka 1861 Carleton Watkins aliingia bonde la Yosemite huko California akiwa na kamera kubwa iliyotumia vioo vya karibu sentimita 46 kwa 56. Vioo vya siku hizo vilikuwa vizito wa kunasa mwanga. Ilimlazimu kuiacha lenzi wazi kwa muda mrefu, na maporomoko ya maji yakatoka meupe kama kitambaa kilichoanikwa jabalini. Watkins hakuwa na hiari. Kile ambacho leo hutafutwa kwa vichujio na subira, kwake kilikuwa kilema cha chombo. Halafu vyombo vikaongezeka wepesi. Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alionyesha kwa mfululizo wa picha kwamba farasi akimbiaye kasi huwa na wakati ambapo miguu yake yote minne iko hewani, nayo huwa imekusanyika chini ya tumbo, wala haikunyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora. Katika karne ya 20 Harold Edgerton, kwa taa ya umeme imulikayo kwa muda mfupi kuliko kope inavyopepesa, alilisimamisha tone la maziwa linapoanguka, likaonekana limefanya taji lenye vishungi. Watu wakastaajabu, wakasema: sasa ndipo tunapouona ukweli.

Mchongaji Auguste Rodin hakukubali. Katika mazungumzo yake na Paul Gsell, yaliyochapishwa mwaka 1911, aliwatetea wachoraji wa farasi wa zamani kwa hoja ambayo hata leo haijachakaa: kwamba msanii ndiye mkweli na kamera ndiyo iongopayo, kwa sababu katika maisha wakati hausimami. Farasi wa kamera ni mkweli kwa nukta moja, na kwa ukweli wake huo ameacha kukimbia. Amekuwa mnyama aliyetundikwa hewani.

Mimi nadhani Rodin alikuwa na haki nusu. Alikuwa na haki kwamba kitu kilicho mwendo hakisemwi kwa nukta. Jiwe ni jiwe katika kila sehemu ndogo ya sekunde. Ukilichukua katika sehemu moja ya elfu ya sekunde hukulipunguzia kitu. Kijito hakina tabia hiyo. Maji yaliyokatwa katika sehemu moja ya elfu ya sekunde yana umbo la vigae vya kioo, magumu, yenye ncha; na hapana mtu aliyewahi kukaa kando ya mto akaona vigae. Lakini Rodin alikosea alipoitupia kamera yenyewe lawama, kana kwamba kamera haijui muda mwingine ila nukta. Kamera yaweza kungoja. Na ikingoja huonyesha mambo ambayo yako kweli katika maji na ambayo jicho huyapoteza. Tazama pale ambapo maji hujikunja juu ya mwamba uliofichika: wimbi husimama mahali pake, na maji yanayolifanya huondoka daima. Jicho huvurugwa na povu lipitalo, likakosa kuona umbo likaalo. Filamu, kwa sekunde zake 2, huliacha povu lipite na umbo likabaki. Au tazama majani yaliyopukutika katika kidimbwi kando ya mkondo, yakizunguka polepole. Kilango kikikaa wazi kwa muda wa kutosha, majani hayo huandika duara kamili za manjano na nyekundu juu ya maji meusi. Hakuna aliyeziona duara hizo. Hata hivyo kila jani lilipita pale lilipoandika. Hapana hata chembe ya duara ile iliyobuniwa. Hapa ndipo manjano ya mepo inapotukumbusha haki yake: si kila kisichoonekana kwa macho kimeongezwa, kingine kilikuwamo tangu hapo, kikangojea cha kukifunua.

Basi kama picha ya sekunde 2 na picha ya sehemu moja ya elfu zote huonyesha lililokuwapo, na zote mbili haziafikiani na jicho, uwongo uko wapi? Hapana budi turejee katika maana ya neno lenyewe. Augustino wa Hippo, mtu wa Afrika ya Kaskazini, aliyeandika kitabu kizima juu ya uwongo karibu na mwaka 395, aliuona uwongo katika moyo wa msemaji kuliko katika hali ya mambo: mwongo ni mwenye moja moyoni na jingine kinywani, akiwa na nia ya kudanganya. Mwenye kusema lisilokuwa, huku akiliamini, amekosea lakini hakuongopa. Na mwenye kusema lililokuwa, huku akitaka mwenzake adhani vingine, hajaepukana na hatia kwa kuwa maneno yake ni sahihi.

Tukiipima picha ya kijito kwa kipimo hicho, jambo la ajabu hutokea. Ile picha ya maji kama moshi, ishutumiwayo kuwa ya uwongo, hubeba alama yake usoni. Mawe ni makali, maji ni ukungu. Kila mwenye kujua kidogo habari za kamera husoma hapo kwamba muda umepita, kama msomaji asomavyo kwamba hadithi iliyoanza na sungura kumsalimu simba si taarifa ya polisi. Ile picha ya vigae vya kioo, isifiwayo kuwa ni ukweli mtupu, haina alama. Humwambia mtazamaji: ungalikuwapo ungaliona hivi. Na asingaliona.

Rangi ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu katika rangi alama hutoweka kabisa. Msituni, chini ya kivuli cha miti siku ya jua, mwanga unaofika kijitoni ni ule wa mbingu, nao ni wa samawati. Jicho hujizoesha upesi, likaona jiwe la kijivu kuwa la kijivu. Filamu ya slaidi iliyotengenezwa kwa mwanga wa mchana haina mazoea. Hulipaka jiwe samawati, maana ndio mwanga uliolifikia. Nani mkweli? Kwa kipimo cha mwanga ni filamu; kwa kipimo cha ushahidi wa mtu ni jicho. Mpiga picha huweka kichujio chenye uvuguvugu wa manjano, na kwa kuiharibu hesabu ya mwanga huirudisha picha karibu na alichokiona. Simwoni huyu kuwa ametenda kosa. Amefanya kama mfasiri anayeacha neno ili aishike maana. Velvia ni habari nyingine. Hiyo huzidisha rangi kwa tabia yake: kijani hukolea, nyekundu huwaka. Mwenye kuitumia huijua tabia hiyo, ndiyo sababu ameinunua. Hapo si manjano iliyofunuliwa tena, bali ni nyekundu iliyozaliwa ndani ya filamu, na mtazamaji hana njia ya kuzitofautisha. Nimesikia watu waliosafiri kwenda New England kwa sababu ya picha, wakasimama chini ya mmea ule wenyewe, katika Oktoba ile yenyewe, wakauona umefifia. Sijui hasara gani ni kubwa kuliko hiyo, mtu kufundishwa na picha ya mti kuudharau mti.

Kufikia hapa mtu atasema kwamba haya ni mambo ya wapenda starehe. Lakini tazama linalofuata. Nilisema kwamba picha ya moshi hubeba alama yake, na mwenye kujua habari za kamera huisoma. Je, asiyejua? Mtoto wa shule katika nchi isiyo na mpukutiko, ambaye ameonyeshwa slaidi moja ya kijito cha ugenini katika somo la jiografia, hana cha kulinganishia. Aweza kudhani kwamba maji ya baridi hutoka hivyo kwa kawaida yake, na hatakuwa mjinga kwa kudhani hivyo. Ametumia akili juu ya ushahidi aliopewa. Alama iliyo wazi kwa mtu wa Vermont ni giza kwa mtu wa Morogoro. Ndiyo kusema uaminifu wa picha haukai ndani ya picha peke yake. Uko baina ya mpigaji na mtazamaji, nao huhitaji zaidi kutunzwa kadiri wawili hao walivyo mbali.

Na sisi wa Afrika ya Mashariki tumekaa upande wa pili wa projekta hiyo kwa muda mrefu. Tangu zama za taa ya kuonyeshea picha za kioo hata zama za slaidi za rangi, wasafiri, wamisionari na wawindaji walirudi kwao Ulaya na Marekani na masanduku ya picha za nchi zetu, wakazionyesha kumbini na sebuleni. Simba alikuwapo kweli. Mwitu ulikuwapo kweli, na mlima wenye theluji, na mtu mwenye mkuki. Yamkini hapana slaidi hata moja iliyoguswa baada ya kilango kufungwa. Lakini reli haikuwamo, wala soko la Ijumaa, wala karani na tai yake, wala mwanachuoni wa Lamu na vitabu vyake. Mtazamaji wa mbali, asiye na cha kulinganishia, alitoka ukumbini na nchi nzima kichwani mwake, iliyojengwa kwa vipande vya kweli tupu. Ukimwuliza mwonyeshaji kama amedanganya, atakuonyesha slaidi moja moja na kukuuliza: ipi kati ya hizi ni ya uwongo? Nawe hutakuwa na ya kuitaja.

Je, basi kuchagua ni uwongo? Haiwezekani, maana kila asemaye huchagua, na aliyekataa kuchagua amenyamaza. Nitamtaja hapa mtu aliyepiga picha za mpukutiko na za maji kwa namna ninayoiona kuwa ya haki, ijapokuwa alichagua kwa ukali sana. Eliot Porter alizaliwa mwaka 1901, akasomea utabibu Harvard na kufundisha huko, kisha akaiacha kazi hiyo kwa ajili ya kamera. Mwaka 1962 chama cha Sierra Club kilitoa kitabu chake cha picha za rangi zilizopangwa kwa kufuata majira ya mwaka, nyingi zikiwa za New England, zikiandamana na maneno ya Henry David Thoreau. Porter hakupenda mandhari ya mbali yenye kilele na mawingu. Aliinama. Alipiga majani machache juu ya maji, nyasi, jiwe na kuvu lake, akatumia filamu ya kupenya mwanga kisha akaihamishia karatasini kwa njia ngumu ya rangi tatu zilizobandikwa moja juu ya nyingine, ambayo ilimpa nafasi ya kuzirekebisha. Kwa kanuni ya wapenzi wa slaidi huyu hakuwa mtakatifu.

Mwaka uliofuata, 1963, kikatoka kitabu chake juu ya Glen Canyon, bonde la mto Colorado lenye kuta za mawe mekundu na vichochoro ambamo mwanga huruka kutoka ukuta hadi ukuta kabla ya kuyafikia maji, yakaonekana mahali pengine samawati na mahali pengine rangi ya dhahabu. Mwaka huohuo milango ya bwawa ikafungwa, na bonde likaanza kuzama chini ya ziwa liitwalo Powell. Picha zile ziliegemea upande mmoja waziwazi. Hazikuonyesha umeme ambao bwawa lingeleta, wala mashamba yaliyongojea maji. Lakini jina lenyewe la kitabu lilisema kwamba mahali hapa hapakujulikana na mtu, na maandishi yake yalisema nani anayelalamika na kwa nini. Mtazamaji aliwekwa mbele ya shahidi ambaye amekwisha kutaja upande uliomwita. Aweza kumkataa, hakuibiwa nafasi ya kumkataa. Baadaye, ukame ulipolipunguza ziwa sana, hasa kati ya mwaka 2021 na 2023, baadhi ya vichochoro vilivyozama vikaonekana tena, vikiwa na tope na alama nyeupe za maji kutani, na watu wakaweza kusimama mahali pengine na kulinganisha. Ni mara chache picha hupata kuhojiwa hivyo na kitu chenyewe.

Leo simu ya mkononi hutengeneza maji ya moshi kwa kuchanganya picha nyingi za haraka, na mashine nyingine hutengeneza kijito ambacho hakikupata kuwapo, na majani yake, na mawe yake. Juu ya hizo sina mengi ya kusema hapa. Katika duara la majani ya Porter au ya mpiga picha yeyote mvumilivu kulikuwa na sekunde fulani, mahali fulani, zilizopita kweli. Katika kijito cha mashine hakuna sekunde hata moja, na nadhani inahitaji jina jingine lisilo picha.

Ninachomdai mpiga picha wa vijito ni kidogo. Simwambii aache kungoja, wala atupe vichujio vyake, wala hata Velvia yake. Namdai aandike. Fremu ya slaidi ina ukingo wa karatasi pande zote nne, na wapigaji wa zamani walikuwa na desturi ya kuandika hapo kwa kalamu ya risasi: jina la kijito, tarehe, muda wa kilango, filamu. Waliandika kwa ajili ya kumbukumbu yao wenyewe, ili wajifunze. Desturi hiyo ingehamishwa kutoka ukingo wa fremu hadi chini ya picha itazamwayo na wageni, hasa wageni wa mbali, sehemu kubwa ya deni ingekuwa imelipwa.

Najua watakaonijibu kwamba picha inayohitaji maneno ni picha iliyoshindwa, na kwamba hakuna atakayevutiwa na uzuri ulioandikiwa hesabu chini yake. Sijaona bado mtu aliyeacha kuvutiwa na duara la majani baada ya kuambiwa kwamba lilichukua sekunde 20. Niliowaona hurudi kulitazama tena, wakisogea karibu, wakitafuta mahali jani lilipoanzia.